Kenny Roberts: fremu aliiweza, injini ikamshinda

Wanaomzungumzia Kenny Roberts humgawa mafungu mawili. La kwanza ni Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za 500cc mara tatu mfululizo, 1978, 1979 na 1980, na baadaye meneja aliyesimama nyuma ya mataji matatu ya dereva Wayne Rainey, 1990 hadi 1992. La pili ni mzee mkaidi aliyeachana na Yamaha mwisho wa 1996, akaamua kujenga pikipiki zake mwenyewe, na baada ya msimu wa 2007 akafunga karakana bila kushinda hata mbio moja kwa pikipiki yenye jina lake.

Mgawanyo huo unaficha jambo la maana. Mtu alikuwa yule yule, akili ile ile, na kazi nyingi za miaka ya pili zilifanywa vizuri kuliko zinavyosifiwa. Kilichomwangusha ni hesabu moja: aliamini karakana ya watu wachache wenye vichwa vizuri inaweza kutengeneza injini ya mbio na kuiboresha kwa mwendo wa kiwanda cha Kijapani. Kwa fremu hesabu hiyo inatoka. Kwa injini haitoki, na rekodi yake mwenyewe ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote.

Mbegu iko mwaka 1983. Roberts alikuwa anamalizia mbio zake za dunia katika timu ya Marlboro Yamaha, na meneja wake alikuwa Giacomo Agostini, Mtaliano mwenye mataji 15, naye dereva aliyegeuka meneja. Mpinzani alikuwa Freddie Spencer wa Honda, kijana wa miaka 21. Mbio zilikuwa 12. Spencer akashinda 6, Roberts 6. Katika raundi ya 11, pale Anderstorp nchini Sweden, Spencer alijichomeka kwa ndani mzunguko wa mwisho, wote wawili wakatoka nje ya lami, Spencer akawahi kurudi. Mshindi alikuwa anapata pointi 15 na wa pili 12. Ubingwa uliisha 144 kwa 142. Geuza matokeo ya Anderstorp peke yake, na Roberts ni bingwa kwa 145 dhidi ya 141.

Kona ile bado inabishaniwa, lakini fundi yeyote angeangalia pikipiki kwanza. Yamaha OW70 ya Roberts ilikuwa na silinda nne na nguvu nyingi, ila ilikuwa nzito kugeuza na ngumu kuwaka. Enzi hizo mbio zilianza injini zikiwa zimezimwa: dereva anasukuma kwa miguu, anaachia klachi, anaomba Mungu. Honda NS500 ya Spencer ilikuwa na silinda tatu tu. Kwenye mnyoofu iliachwa, lakini iliwaka upesi, ilikuwa nyembamba, ilibeba kasi kubwa kuingia kona na haikuzitafuna tairi. Roberts hakulisahau somo hilo. Miaka 14 baadaye, alipoweka kwenye safu ya kuanzia pikipiki aliyoijenga mwenyewe, aliipa silinda tatu.

Katikati ya hapo kuna sehemu ya maisha yake ambayo mameneja wa leo wangefaidika kuichunguza kuliko mataji. Mwaka 1984 alianza kidogo, daraja la 250cc, akiwa na Rainey na Mwingereza Alan Carter. Msimu ulikuwa mgumu. Rainey alihangaika mno na kule kusukuma mwanzoni mwa mbio, kisha akarudi Marekani. Mwaka 1986 Roberts akapanda 500cc kwa fedha za kampuni ya sigara ya Lucky Strike, akiwa na Randy Mamola na Mike Baldwin. Mwaka 1987 Mamola akawa wa pili duniani. Mwaka 1988 Rainey akarejea, akakaa upande mmoja na Mwaustralia Kevin Magee. Kufika 1990 fedha za Marlboro zilikuwa kwa Roberts: Rainey na Eddie Lawson kwenye 500cc, John Kocinski kwenye 250cc. Mwaka huo timu moja ilitwaa ubingwa wa madaraja yote mawili.

Alifanya nini hasa? Injini hakuitengeneza yeye. Yamaha walileta YZR500 kutoka Japani na mafundi wao. Kazi yake ilikuwa kila kitu kinachozunguka injini, na kazi ya kwanza ilikuwa kumtengeneza dereva.

Kwa msomaji aliyezoea pikipiki ya leo ya mipigo minne, inabidi kueleza mnyama aliyekuwa anaendeshwa. Injini ya 500cc ya mipigo miwili, ya ukoo ule wa pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli, ilikuwa imelala chini ya mizunguko 8,000 hivi kwa dakika. Ikivuka hapo, nguvu yote inafika kwa mkupuo mmoja. Dereva akiwa amelala kwenye kona, gurudumu la nyuma linakatika ghafla. Akifunga mafuta kwa hofu, tairi linashika tena papo hapo, springi inarudisha nguvu iliyobanwa, na dereva anarushwa juu ya usukani. Wengi walivunjika mifupa kwa kufunga mafuta, si kwa kuyafungua.

Dawa ya Roberts ilitoka kwenye mbio za vumbi za Marekani, alikotwaa ubingwa wa taifa 1973 na 1974. Pikipiki za mbio hizo hazina breki ya mbele. Unaigeuza kwa kuacha gurudumu la nyuma liteleze na kulidhibiti kwa mkono wa mafuta. Nyumbani kwake Modesto, California, madereva wake walizunguka uwanja wa udongo kwa pikipiki ndogo za 100cc, saa baada ya saa. Udogo wa injini ulikuwa wa makusudi. Pikipiki dogo haliui, kwa hiyo dereva anaweza kukosea mara nyingi kwa siku moja mpaka mkono ujifunze kupunguza mafuta kwa milimita badala ya kuyafunga. Pia halina nguvu ya kumwokoa: akipoteza kasi kuingia kona, hairudi, basi analazimika kujifunza mstari. Ukihesabu mabingwa wa 500cc kuanzia 1978 hadi 1993, misimu 16, Wamarekani walichukua 13. Waliotoka kwenye udongo ndio walioitawala lami.

Kazi ya pili ilikuwa kupima kitu kipya mapema na kukubali hasara yake. Mfano mzuri ni breki za kaboni. Rainey alishinda mbio zake za kwanza za 500cc pale Donington 1988 akiwa nazo. Diski ya kaboni ni nyepesi kuliko ya chuma, kwa hiyo gurudumu la mbele linageuka kwa urahisi zaidi, na haichoki kwa joto mbio zikielekea mwisho. Lakini ikiwa baridi haishiki. Lazima ipashwe moto kwanza, na dereva anayeingia kona ya kwanza akidhani zimeshapata joto anapitiliza. Mvua ikinyesha unazibadilisha. Kwa hiyo uamuzi wa meneja una sehemu tatu: nani ana utulivu wa kuzipasha, mafundi wana muda gani wa kubadilisha, na hali ya hewa inasemaje. Hayo ni maamuzi ambayo mtu aliyewahi kuendesha anayafanya vizuri kuliko mhasibu.

Kazi ya tatu ni ujadili, na hapa nampa Roberts alama za juu kabisa. Mwaka 1979 yeye na madereva wenzake waligoma kukimbia Spa, Ubelgiji, kwa sababu lami mpya ilikuwa inateleza kama sabuni. Mwaka huo huo walitishia kuanzisha mashindano yao nje ya shirikisho la kimataifa, FIM. Mashindano hayo hayakufanyika, lakini FIM wakapandisha fedha za zawadi. Alijua kwamba mwenye kipaji bila mkataba mzuri ni kibarua. Alipokuwa meneja alikuwa anakaa mezani na kampuni za sigara na kiwanda kwa namna hiyo hiyo.

Ila hata miaka ya dhahabu ilikuwa na onyo ndani yake. Mwanzoni mwa 1992 Honda walileta injini yenye mpangilio mpya wa kuwaka: silinda zote nne zinalipuka karibu karibu, kisha panakuwa na kimya kirefu. Nguvu ya jumla haikuongezeka. Kilichobadilika ni tairi: linasukumwa, linapata nafasi ya kushika tena, linasukumwa. Mick Doohan wa Honda akashinda mbio nne za kwanza za msimu. Roberts na Rainey waliona tatizo, wakaweza kulieleza, wakabadilisha springi na tairi, na bado hawakuwa na jibu mpaka Yamaha watengeneze injini ya namna hiyo. Doohan akavunjika mguu Assen, Uholanzi, na Rainey akatwaa ubingwa kwa pointi 4, 140 kwa 136. Taji liliokolewa na ajali ya mtu mwingine.

Mwaka uliofuata ukaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo. Fremu ya kiwanda ya 1993 ilikuwa ngumu kupita kiasi. Fremu ngumu inasikika kama sifa, lakini pikipiki ikiwa imelala sana, springi haziko tena wima juu ya mashimo ya lami. Ni fremu yenyewe inayotakiwa kujipinda kidogo ubavuni ili tairi lisiruke. Isipojipinda, tairi linatetemeka na kukatika bila taarifa. Timu ikaiacha fremu ya kiwanda, ikachukua ya ROC, kampuni ndogo ya Ufaransa iliyokuwa inawauzia timu binafsi fremu za injini za Yamaha, na Rainey akarudi kushinda. Septemba 5, 1993, alikuwa anaongoza msimamo kwa pointi 11 na anaongoza mbio za Misano alipoanguka na kuvunjika uti wa mgongo. Hakutembea tena.

Linganisha matukio hayo mawili. Injini ya 1992: timu bora duniani, mikono mitupu mpaka kiwanda kijibu. Fremu ya 1993: jibu lilinunuliwa Ufaransa katikati ya msimu. Naamini Roberts alilisoma la pili na hakulipa la kwanza uzito wake.

Mwisho wa 1996 aliondoka Yamaha. Akaweka makao Banbury, Uingereza, katikati ya ukanda wenye karakana nyingi za Formula One, akashirikiana na kampuni ya magari ya mbio ya Tom Walkinshaw, na fedha zikatoka kwa kampuni za Malaysia, kwanza Modenas, baadaye Proton. Pikipiki ya 1997, KR3, ilikuwa ya silinda tatu za mipigo miwili. Kanuni ziliruhusu silinda tatu kuwa nyepesi kuliko nne. Hoja yake kwenye karatasi ilikuwa safi: acha nguvu kidogo, chukua wepesi, pita kona kwa kasi, kama Spencer 1983.

Kasoro zilikuwa mbili, na ya kwanza ni ya hesabu za darasa la tano. 500cc gawa kwa nne ni 125 kwa kila silinda. Hicho ni kipimo kile kile cha daraja la 125cc, na 250cc ni silinda mbili za namna hiyo. Viwanda vya Japani vilikuwa na miaka mingi ya kujua tundu la ekzosi liwe juu kiasi gani, bomba lipanuke wapi, kabureta iwe na upana gani kwa silinda ya 125. Ukigawa 500 kwa tatu unapata 166 na ushee, silinda isiyo na ndugu. Kila kitu unakitafuta upya. Ukitoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, pistoni inapata joto na kunata, gurudumu la nyuma linafunga. Ukiizidisha, injini inakohoa ukitoka kona. Kiwanda kina vipuri vya kuunguza na mashine za kupimia zinazofanya kazi usiku kucha. Karakana ikivunja kranki Jumapili, inasubiri nyingine ichongwe. KR3 ya 1997 ilikuwa inaharibikia njiani mara kwa mara, na kila mbio isiyomalizika ni data iliyopotea.

Kasoro ya pili iko kwenye tabia ya mbio zenyewe, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Pikipiki nyepesi inayotegemea kasi ya kona inataka mstari wake mpana, usio na mtu. Ikiwa peke yake kwenye mazoezi ya kupanga nafasi, inaupata. Kwenye mbio, pikipiki yenye nguvu inaipita kwenye mnyoofu, inafunga breki mbele yake, inakaa katikati ya kona kwa mwendo wa pole, kisha inafyatuka. Ile nyepesi imepotezewa kasi yake na haina nguvu ya kuirudisha. Ushahidi ni Phillip Island, Australia, 2002. Jeremy McWilliams alichukua nafasi ya kwanza ya kuanzia akiwa na Proton KR3 ya 500cc ya mipigo miwili, mbele ya mashine mpya za 990cc za mipigo minne. Uwanja ule una kona ndefu za kasi zinazofuatana, na mzunguko wake mmoja ulikuwa sifa kubwa kwa watu wa Banbury. Siku ya mbio hakukaribia jukwaa.

Mipigo minne ilipotawala, karakana ikajenga injini ya V yenye silinda tano, KR5, iliyoanza kukimbia ndani ya msimu wa 2003. Mwaka huo alikuja John Barnard, mchoraji aliyetukuka wa McLaren na Ferrari katika Formula One. Kuwa na Barnard ni kuwa na mtu anayeweza kuchora sehemu bora kuliko za kiwanda. Lakini injini ya 990cc inahitaji vali, kemu, mfumo wa petroli na programu ya kompyuta vinavyopatana, kisha maelfu ya kilomita za majaribio. Sehemu moja nzuri haibebi nyingine nne mbichi. Mwaka 2005 wakajaribu njia ya kati: injini ya V4 kutoka KTM ya Austria, fremu kutoka Banbury. Agosti, mbio za Brno zikiwa mlangoni, KTM wakajitoa. Hiyo ndiyo hatari ya kuazima injini kwa mtu ambaye naye bado anajifunza: akikata tamaa, wewe ndiye unayebaki barabarani.

Kisha 2006. Honda wakampa injini ya RC211V, silinda tano, iliyokwisha kushinda mataji. Timu ikatengeneza fremu yake, ikaiita KR211V, dereva akawa mmoja tu: Kenny Roberts Jr, mtoto wa nyumba, bingwa wa 500cc wa mwaka 2000 akiwa na Suzuki. Bajeti ndogo, pikipiki za mtu mmoja. Akapanda jukwaani Catalunya na Estoril, akamaliza wa 6 duniani, mbele ya madereva kadhaa waliokuwa na Honda kamili. Watu wale wale waliochekwa kwa miaka tisa walionekana mahodari mara injini ilipotoka kwa mwenyewe.

Ningependa hadithi ya 2006 isomwe kwa makini na wanaosema Roberts alishindwa umeneja. Fremu yake ilishindana na fremu za kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani na haikuaibika. Sababu ni kwamba fremu inakubali kazi ya mikono. Unakata bamba la alumini, unachomelea, unaijaribu Ijumaa, dereva anasema mbele panasukuma nje, unapunguza unene wa ukuta mmoja, wiki inayofuata una fremu nyingine. Mzunguko wa kujifunza ni siku kadhaa na gharama inavumilika. Hapo sikio la dereva wa zamani lina thamani kubwa, kwa sababu fremu huzungumza kupitia makalio na viganja.

Mwaka 2007 kanuni zikashusha ukubwa hadi 800cc na petroli hadi lita 21. Injini mpya ya Honda haikuwa na makali ya ile ya zamani, na kazi ya kukadiria petroli na kudhibiti mtelezo ikahamia kwenye kompyuta. Kenny Jr akaacha katikati ya msimu, mdogo wake Kurtis akachukua nafasi, matokeo yakawa mabaya. Mdhamini wa kulipia 2008 hakupatikana. Karakana ikafungwa.

Wenzake walichagua njia nyembamba. Fausto Gresini, bingwa wa 125cc wa 1985 na 1987, alianzisha timu 1997, mwaka ule ule wa KR3, na mpaka alipofariki kwa Covid Februari 2021 hakuwahi kuchora injini, alikodi. Lucio Cecchinello, naye dereva wa zamani wa 125cc, vile vile, akikaa na Honda msimu baada ya msimu. Kuna unyonge katika njia hiyo, maana mwenye injini anakuamulia mwaka wako upya kila Novemba. Roberts aliuchukia unyonge huo, na kusema kweli hakukosea kuuchukia.

Kwa kukodi, timu binafsi imefika mahali ambapo Banbury haikufika. Mwaka 2024 Jorge Martín wa Pramac alitwaa ubingwa wa MotoGP, daraja lililorithi lile la 500cc, kwa pointi 508 dhidi ya 498 za Francesco Bagnaia wa timu ya kiwanda ya Ducati. Meneja wa Pramac alikuwa Gino Borsoi, dereva wa zamani wa 125cc ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Injini za Martín na Bagnaia zilitoka mlango mmoja, kiwanda cha Ducati cha Borgo Panigale, zikiwa za toleo moja. Msimu uliofuata Martín akaenda Aprilia, Pramac ikabadilisha mkataba na kuchukua injini za Yamaha, na chini ya Borsoi yule yule timu ikashuka hadi nusu ya chini ya msimamo.